Alhamisi Tulizozungumza Kupitia Kompyuta

Mwaka jana, kwenye sherehe ya watu wa Afrika Mashariki wanaoishi hapa Stockholm, katika ukumbi tuliokodi Tensta, dada mmoja Mkenya alinivuta pembeni karibu na meza ya pilau. Hatukuwa tunafahamiana sana. Nilijua tu kwamba anafanya kazi ya kutunza wazee, na kwamba mumewe siku hizi haonekani kwenye shughuli zetu. Aliinama sikioni kwangu, akasema kwa sauti ya chini:

"Dada, nimesikia wewe ulishawahi kufanya ile kitu ya kuongea na mtaalamu kwa kompyuta. Inasaidia kweli, ama ni kupoteza wakati tu?"

Muziki ulikuwa juu, watoto walikuwa wakikimbizana na kupigiana kelele kwa Kiswidi, na mimi nilikuwa na sahani mkononi. Nikamjibu harakaharaka. Nikamwambia atafute chumba chenye mlango unaofunga, aweke maji na leso karibu, na asishtuke akiuona uso wake mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta. Akanishukuru, tukarudi kwa wenzetu. Nikiwa kwenye treni ya kurudi Tumba ndipo nilipojisikia vibaya. Nilichomwambia kilikuwa kweli, lakini kilikuwa kidogo mno. Aliyoyataka ni mambo ambayo mtu hawezi kuyasema akiwa amesimama na sahani ya pilau.

Mimi na mume wangu tulikutana hapahapa, sote tukiwa wanafunzi kutoka Tanzania. Yeye alisomea umeme, mimi nikasomea kazi za maabara. Kwao Morogoro, kwetu Moshi. Tulifunga ndoa nyumbani, tukarudi huku, tukapata binti, tukapata kazi nzuri na nyumba Tumba, umbali wa kutembea tu kutoka stesheni. Binti alipokuwa darasa la pili nikashika mimba nyingine. Ilipofika mwezi wa saba nilipatwa na kifafa cha mimba. Mtoto, wa kiume, alifia tumboni, na mimi mwenyewe nilinusurika kwa shida. Siku zile nazikumbuka vipandevipande: taa za dari, mkono wa mume wangu uliokuwa baridi, muuguzi akiniita jina langu kwa kulikosea. Nilitoka, nikarudishwa hospitali tena kwa maambukizi, na katika kipindi hicho mtoto alizikwa. Nilipopata nguvu ya kusimama, kila kitu kilikuwa kimekwisha kufanyika na hakuna aliyekitaja. Kitanda kidogo tulichokuwa tumenunua kilikuwa kimeondolewa. Mume wangu alikuwa amepaka rangi upya chumba tulichokuwa tumemwandalia mtoto.

Sikumuuliza. Nilidhani akiwa tayari atanieleza mwenyewe. Miezi ikapita, kisha miaka, na kila mwaka uliopita ulifanya swali lizidi kuwa zito. Tuliongea kila siku, msidhani hatukuongea. Tuliongea habari za matairi ya baridi, za mkutano wa wazazi shuleni, za nani atanunua maziwa. Jumapili baada ya kanisa alipenda kuchukua gari peke yake. "Nakwenda kunyoosha miguu," alisema, akarudi jioni mashavu yakiwa ya baridi na hana hamu ya chai. Mwanzoni sikujali. Baadaye nikaanza kuvuta picha ya mwanamke fulani, sijui kwa nini nilimpa koti jekundu, anayemfungulia mlango mahali fulani upande wa pili wa jiji, Akalla au Kista. Hilo nalo sikuliuliza.

Aliyetusukuma ni binti yetu. Sasa alikuwa sekondari ya juu, mrefu kunishinda, na kila nikimsemesha Kiswahili alinijibu Kiswidi. Tulikuwa mezani tunakula, baba yake ameniomba chumvi, nikampa, akasema asante. Binti akaweka uma chini.

"Ninyi mnaongea kama watu waliokutana kwenye lifti," alisema.

Baba yake akacheka kidogo. Binti hakucheka. "Sitanii. Nikihama hapa mtaongea nini? Tafuteni mtu wa kuwasaidia. Watu wote wanafanya hivyo. Wala hamhitaji kutoka nyumbani."

Tuliona haya, na nadhani haya ndiyo iliyotufanya tukubali. Mume wangu alitafuta kliniki ya ushauri wa wanandoa inayotoa huduma kwa video. Tukapewa Alhamisi, saa kumi jioni, wakati ambapo binti alikuwa kwenye mazoezi ya mpira wa kikapu.

Alhamisi ya kwanza tuliweka kompyuta kwenye meza ya jikoni. Nilikuwa nimesafisha jikoni yote, hata ndani ya kabati, kana kwamba mgeni angelifungua. Mume wangu alivaa shati la kazini. Kioo kilituandikia kwamba mtaalamu atatupokea hivi punde, na chini yake tukajiona sisi wenyewe, watu wawili wanaosubiri. Sikuwa nimetuona pamoja hivyo kwa muda mrefu. Kwenye picha za sherehe mtu hutabasamu. Pale tulikuwa na nyuso za watu walioitwa ofisini kwa mkubwa.

Mtaalamu alitokea, mama wa makamo mwenye nywele fupi za mvi, nyuma yake rafu nyeupe na mmea uliokuwa ukining'inia. Akatusalimia, kisha akatabasamu.

"Namwona bibi vizuri," alisema, "lakini bwana namwona sikio tu. Mnaweza kusogeleana?"

Tukasogeza viti. "Bado kidogo," akasema. Tukasogea tena mpaka mabega yakagusana. Nilihisi joto la bega lake kupitia shati, na nilihisi jinsi alivyojikaza, na yeye bila shaka alihisi nilivyojikaza. Tulikaa hivyo saa nzima. Sikumbuki swali hata moja la siku ile, nakumbuka bega.

Nilikuwa nimetarajia hakimu. Nilidhani atasikiliza upande huu na upande ule, kisha aseme nani ana makosa, na usiku uliotangulia nilikuwa nimepanga maelezo yangu vizuri. Hakuwa hivyo. Aliuliza maswali mepesi na kusubiri. Kusubiri kwake ndiko kulikonichosha. Chumbani kwa kawaida mtu akinyamaza unamwona kwamba amenyamaza, lakini kwenye kompyuta akinyamaza unadhani mtandao umekatika. Mara mbili mume wangu aliuliza, "Unatusikia?" Naye akajibu kwa upole, "Nawasikia. Nasubiri tu."

Na lugha. Tunakijua Kiswidi, tunafanya kazi kwa Kiswidi, lakini ni Kiswidi cha mikutano na cha maabara. Nilipojaribu kusema kwamba nina upweke ndani ya nyumba yangu mwenyewe, lilitoka neno ambalo lingeweza kutumika kuelezea basi lisilo na abiria. Mume wangu, kinyume chake, alizungumza Kiswidi kwa wepesi, sentensi zimenyooka. Nilimwonea wivu, kisha nikamkasirikia. Nilidhani anazungumza vizuri kwa sababu hana kinachomkwama kooni.

Hata hivyo zile Alhamisi za mwanzo zilikuwa na wema wake. Siku moja paka wa yule mama alipanda mezani kwake, akageuka, na kwa dakika nzima kioo chetu kikajaa mkia wa paka huku sauti ya mama ikiendelea kutuuliza kwa uzito kuhusu uaminifu. Tulijibu kwa adabu. Kipindi kilipokwisha, kompyuta ikafungwa, mume wangu akanitazama.

"Nimemjibu mkia," alisema.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye naye alicheka, machozi yakamtoka, akanishika mkono wa kushoto juu ya meza ile. Kisha simu yake ikaita, ya kazini, akainuka kwenda kuipokea sebuleni. Mimi nikaanza kumenya viazi. Nikikumbuka siku ile natamani ningemfuata sebuleni nikakae karibu yake mpaka amalize ile simu, tuendelee kucheka. Sikujua kwamba hiyo ndiyo ingekuwa mara ya mwisho kucheka pamoja hivyo.

Baada ya wiki kadhaa alitumwa kaskazini kikazi, kwenye matengenezo ya njia za umeme. Mtaalamu akasema hakuna shida, kila mmoja angeweza kuingia kutoka alipo. Kwa hiyo Alhamisi ile nilikuwa peke yangu jikoni, na mume wangu alikuwa kwenye chumba cha hoteli, nyuma yake pazia la kahawia. Nje kwangu kulikuwa kumekwisha kuwa giza na mvua ilikuwa ikigeuka theluji. Tulikuwa madirisha matatu kwenye kioo. Kwa mara ya kwanza sikuliona bega lake wala sikulihisi. Niliuona uso wake ukinitazama moja kwa moja.

Mtaalamu alimwuliza mambo ya kazi, ya safari, kama hupata upweke. Akajibu kama kawaida. Kisha mtaalamu akauliza, "Unapopata upweke ukiwa nyumbani, huwa unakwenda wapi?"

Nilidhani mtandao umekatika. Nikaona pazia la nyuma yake likitikisika, nikajua haujakatika. Nikajiandaa kusikia habari za yule mwanamke wa koti jekundu. Hata nilivuta kiti nyuma kidogo.

"Huwa nakwenda kwa mwanangu," alisema kwa Kiswidi.

Nikarudisha kiti mbele.

Akaanza kueleza, polepole, akimweleza yule mama, si mimi. Kwamba wakati nilipokuwa nimelazwa mara ya pili alimchukua mtoto kwenye chumba walichompa hospitali, akakaa naye mchana kutwa. Kwamba alimvalisha mwenyewe, kwa sababu muuguzi alitaka kumsaidia na yeye akakataa. Kwamba mtoto alikuwa na nywele nyingi. Kwamba kaburini walikuwa yeye na mchungaji wa hospitali tu, na kulikuwa na upepo mpaka mchungaji akashindwa kufungua kitabu. Kwamba alimpa jina, na jina alilompa ni la baba yangu mzazi. Kwamba jiwe la kaburi ni dogo, na Jumapili huenda kuondoa majani, na kipindi cha baridi huenda kuondoa theluji na kuwasha mshumaa.

"Na mkeo anajua haya?" mtaalamu aliuliza.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Aliniambia nisimwambie."

Hapo nilipata sauti. Nikasema kwa Kiswahili, nikamsahau kabisa yule mama: "Mimi? Mimi nilikwambia lini?"

Naye akanijibu kwa Kiswahili. "Hospitali. Nilikuja kukuuliza unataka azikwe wapi. Ukanishika hapa kwenye mkono. Ukasema, 'Usinieleze. Usinitajie tena, maisha yako yote.' Ukanifanya niape."

"Sikumbuki."

"Najua ulikuwa mgonjwa."

"Baba, sikumbuki kabisa. Nilikuwa na dawa kichwani. Ningesemaje neno kama hilo?"

"Ulilisema, mama," alisema. "Nami niliapa."

Yule mama wa mvi hakuelewa neno hata moja, na hakutukatiza. Namheshimu kwa hilo mpaka leo. Baadaye alituambia, kwa sauti ya chini sana, kwamba saa yetu imebaki dakika chache, akatuuliza kama tunahitaji apige simu kesho. Tukasema hapana, asante. Tulikuwa tumezoea kusema hapana, asante. Akatuomba tuzungumze, sisi wawili, kabla ya kulala. Kisha akaaga, dirisha lake likazimika, na mara la mume wangu nalo likazimika.

Hili ndilo ambalo ningependa kumwambia yule dada wa Tensta, kuliko habari za leso na maji. Jambo zito linapokwisha kusemwa kwenye kompyuta, mnatenganishwa papo hapo. Hakuna korido ya kupita pamoja, hakuna ngazi, hakuna kusaidiana koti wala kusimama pale chini mkitafutana kwa macho. Nilibaki na jikoni yangu na mashine ya vyombo inayonguruma. Mtu aliyekuwa amenieleza habari za nywele za mwanangu alikuwa mbali kaskazini, kwenye chumba nisichokijua.

Nilichukua simu nimpigie. Nikaiweka chini. Nilikuwa na maswali mengi mno, na juu ya maswali kulikuwa na kitu ambacho sikukitegemea: hasira. Nilimwona amekaa na mtoto wangu mchana kutwa, amemshika, amemfahamu, na mimi miaka yote hiyo nimekaa na chumba kilichopakwa rangi. Nilijua si haki kumkasirikia mtu aliyetimiza kiapo. Nilikasirika vilevile. Nikasema moyoni, aliyesema ndiye atakayepiga. Binti alirudi kutoka mazoezini, nikampakulia chakula, nikaendelea kuitazama simu.

Hakupiga. Muda mrefu baadaye, tulipokuwa tayari tumekwisha kuachana, aliniambia kwamba na yeye alikaa kwenye kitanda cha hoteli na simu juu ya goti. "Nilishasema yangu yote," aliniambia. "Nilikuwa nasubiri nisikie utasemaje." Hakuwa akinilaumu. Alikuwa akinieleza tu, kama mtu anayeeleza hali ya hewa ya siku fulani.

Aliporudi ilikuwa siku ya kazi, binti alikuwa na homa, gari lilihitaji kupelekwa gereji. Nilimpokea mlangoni. Nilikuwa nimeandaa ndizi na nyama anazozipenda. Alinitazama kwa tumaini, nililiona tumaini lile kabisa, na nikamwuliza kama safari ilikuwa nzuri. Akasema ilikuwa nzuri. Tukala.

Tuliendelea na Alhamisi kwa muda. Mtaalamu alijitahidi kuturudisha pale, na sisi tulikwenda mpaka mlangoni tukageuka. Nilisema nimemsamehe, yeye akasema hakuna la kusamehe, na yote mawili yalikuwa kweli na hayakutusogeza popote. Nadhani alichoka. Kubeba lile jambo peke yake kulimchosha, na kulitua nikashindwa kulipokea kulimchosha zaidi. Ikafika Alhamisi ambapo tulikuwa hatuzungumzii tena namna ya kuishi pamoja. Tulizungumzia namna ya kuachana bila kumwumiza binti, na kwa hilo, cha ajabu, tulikuwa hodari sana. Mtaalamu alitusifu jinsi tunavyosikilizana. Mume wangu alipata nyumba ya vyumba viwili Akalla, mwisho wa njia ya bluu ya treni ya chini ya ardhi. Nilimsaidia kuchagua mapazia.

Watu wakiniuliza kama ushauri ule uliharibu ndoa yangu nasema hapana. Bila yule mama na paka wake nisingejua kwamba mwanangu ana jina. Kinachoniuma ni kwamba ulitufikia tukiwa tumekwisha kukauka. Lau tungekaa mbele ya kompyuta ile, au mbele ya mtu yeyote, mwaka ule wa kwanza, binti bado mdogo na machozi bado yakiwa karibu, nadhani ningeinuka kwenye kile kiti na kupanda treni ya usiku kwenda kaskazini. Mwanamke niliyekuwa mwaka ule angepanda.

Novemba iliyofuata, siku ambayo Waswidi huwasha mishumaa makaburini, baba yake binti alinipigia simu. "Mtakuja?" aliuliza. Alitupitia kwa gari, mimi na binti. Makaburi yale yako pembeni mwa msitu wa misonobari, na jioni ile yalikuwa yamejaa watu wanaotembea kimya na taa ndogo mikononi. Alitutangulia bila kutafuta njia.

Jiwe lilikuwa la kijivu, dogo kuliko nilivyolifikiria. Nililiona jina la baba yangu limechongwa pale, nikapiga magoti kwenye majani yenye unyevu. Binti alilisoma kwa sauti, akalisoma tena, kwa matamshi yake ya Kiswidi. Kisha akaniuliza, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi aliuliza kwa Kiswahili:

"Babu anajua?"

"Hajui," nilisema. "Tutampigia."

Mume wangu, sijui nimwiteje sasa, alikuwa akipangusa jiwe kwa kiganja. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyompangusa mtoto makombo. Akawa anamwambia maneno kwa sauti ya chini, maneno ya kawaida tu. Kwamba leo amekuja na wageni. Kwamba dada yake amefaulu hesabu. Kwamba huyu aliyepiga magoti ndiye mama yake. Niliposikia hivyo nikafunika uso. Mtu huyu nilimdhania hana maneno, kumbe Jumapili zote alikuwa akizungumza.

Alitushusha Tumba mbele ya nyumba. Nilisimama kwenye mlango wa gari, nikamwambia kuna chai ya tangawizi, aingie apate joto kidogo.

Alifikiri. Nilimwona akifikiri kweli.

"Kesho naamka mapema," alisema. "Siku nyingine, mama."

Nikamwambia sawa, aendeshe polepole, barabara ina utelezi. Akaondoka. Binti alikuwa tayari amefungua mlango, ananiita nisibaki kwenye baridi.